Maswali ya Jikoni na Anti: Nionjeje kwa wapishi wote kabla tumbo halijajaa?

Wapendwa, toleo lililopita niligusia kidogo tu ile Taste of Chicago, tamasha la chakula la kila mwaka pale Grant Park, na barua zimekuja nyingi kuliko nilivotegemea, mtu wa Tanga anauliza, wa Unguja anauliza, walioko huko huko Chicago ndo usiseme. Kwa hiyo safari hii wenye maswali ya keki zilizogoma kuumuka nivumilieni hadi mwezi ujao, leo tuongelee hili moja tu, kuonja mikono ya wapishi wengi kwa siku moja. Nilikaa Chicago miaka 11 nikipika kwenye majiko ya watu na kila mwaka tamasha likifika nilikuwepo, aidha nyuma ya banda au mbele yake, basi ninayosema nimeyaona.

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni mwanafunzi hapa Chicago, natokea Morogoro. Mwaka jana nilienda Taste na washkaji wawili, tulivofika tu njaa inauma tukajipanga foleni ya kwanza tuliyoiona, kila mtu akanunua piza yake, halafu tukala miguu ya bata mzinga, na hapo ndo ikawa mwisho. Tumbo limejaa, hela imeisha, mabanda mengine yote nikayala kwa macho. Iliniuma sana manake mwaka mzima nilikuwa naisubiri. Mwaka huu naenda tena, nifanyeje? (Kijana wa Moro)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, yaliyokupata yanawapata karibu wote mara ya kwanza. Njaa ndo iliyokununulia, wewe ulikuwa umeshika tu pochi.

Tuanze na hili tamasha lenyewe lilivokuja. Tarehe 4 Julai 1980, bwana mmoja mwenye migahawa, Arnie Morton, alimpelekea wazo Meya Jane Byrne, wakafunga kipande cha Michigan Avenue kwa siku moja, migahawa ya mji ikatoa meza nje ikauza vyakula vyake. Walitegemea watu laki moja hivi, wakaja zaidi ya laki mbili na nusu! Mwaka uliofuata ikabidi wahamie Grant Park kwenye nafasi, kuna miaka lilifika mpaka siku 10, halafu likapunguzwa, na mwaka 2023 likatolewa Julai likapelekwa Septemba. Kuingia ni bure, unalipia unachokula. Sasa wazo tangu mwanzo lilikuwa ni hilo hilo jina lake, kuonja. Mtu wa kusini ya mji ambaye hajawahi kufika mgahawa wa kaskazini aonje cha kaskazini, na wa kaskazini hivo hivo. Ndo maana pale mabanda yamezoea kuwa na vipimo viwili, kuna kile cha kushiba na kuna kile kidogo cha kuonja, na kidogo bei yake nayo ni ndogo. Wewe mwanangu ulinunua cha kushiba. Mwaka huu soma ubao mpaka chini, cha kuonja mara nyingi kimeandikwa huko mwishoni, na kama hukioni uliza.

Pili, usiende na njaa kali. Kunywa chai yako nyumbani na kipande cha mkate. Najua unaona unapoteza nafasi ya tumbo lakini mtu mwenye njaa haonji, anameza.

Tatu, ukifika zunguka mabanda yote mara moja bila kununua kitu. Yote. Mikono mfukoni. Unaangalia foleni ziko wapi, ila zaidi angalia chakula kinatokaje, kinatoka jikoni sasa hivi au kimekaa kwenye trei kinasubiri watu? Banda lenye foleni ya watu kumi na kikaango kinachofanya kazi ni bora kuliko banda tupu lenye trei iliyojaa. Halafu chagua mabanda saba au nane tu, huwezi kumaliza yote na hakuna anayemaliza.

Nne, nendeni wanne. Mnanunua kipimo kimoja kila banda, uma nne. Mtu akishapata tonge mbili za kitu ulimi umeshajua kila kitu cha kujua, tonge ya tatu mpaka ya kumi ni ya tumbo. Mkiwa wanne mnapita mabanda manane kwa hela ambayo mwaka jana ilikwisha kwa mawili.

Na mpangilio una maana sana, watu wengi hawaufikirii. Anza na vyenye uchachu na vya baridi, saladi, samaki wa ndimu, vitu kama hivo, halafu vya kukaanga, halafu nyama, na mwishoni kabisa vya jibini na vitamu. Ukianza na ile piza nene ya Chicago umejifungia mlango mwenyewe. Ile piza inaokwa kwenye chombo kirefu kama kile cha keki, unga unapandishwa mpaka ukingoni, jibini inawekwa chini kabisa juu ya unga, nyama au mboga katikati, na nyanya ndo zinakuja juu, kinyume na piza uliyoizoea. Sababu ni kwamba inakaa ovenini muda mrefu, kama dakika 40 hivi, jibini ingekuwa juu ingeungua. Kipande kimoja ni mlo wa mchana wa mtu mzima. Inahesabiwa imeanzia Pizzeria Uno mwaka 1943, na mimi naipenda sana, lakini siku ya tamasha naila mwisho tena nagawana, mgahawa wake upo mwaka mzima utaenda siku nyingine.

Cha kutafuta mapema ni ule mkate wa nyama wenyewe wanauita italian beef. Nyama ya ng'ombe imeokwa, ikakatwa nyembamba kiasi unaona mwanga, ikarudishwa kwenye mchuzi wake wenye kitunguu saumu na oregano. Mpishi anachota kwa koleo anajaza kwenye mkate, halafu ukimwambia auchovye anauzamisha mkate wote mzima kwenye mchuzi na kuutoa unachuruzika. Juu yake anaweka achari yao, karoti, koliflawa, selari na pilipili zilizokaa kwenye mafuta, mtu wa Pwani akiionja anacheka maana ni binamu kabisa wa achari ya nyumbani. Usiule huku unatembea. Weka viwiko mezani, miguu rudisha nyuma, inama, mchuzi udondokee karatasi na sio shati lako. Na hotdogi yao kula vilevile wanavoitoa, haradali, kitunguu, nyanya, tango la achari, pilipili ndogo na chumvi ya selari kwenye mkate wenye vimbegu vyeusi, usiombe tomato sosi. Wenyeji hili wanalichukulia kwa uzito na ukionja utaelewa, nyanya na achari zimeshaleta utamu na uchachu, ukiongeza sosi tamu umefunika kazi yote.

Maliza na chizikeki ya Eli's kama ipo mwaka huo. Hiyo nayo ilionjwa na umma mara ya kwanza hapo hapo kwenye tamasha la 1980, kabla ya hapo ilikuwa kitu cha mgahawa wa mzee Eli Schulman.

SWALI: Assalaam aleikum Anti. Sisi tunatokea Bujumbura, sa hivi tuko Rogers Park na watoto watatu. Majirani wanatuambia twende Taste lakini mimi naogopa sana nguruwe, watoto wanaweza wakapewa kitu hatujui ndani kuna nini. Kuna tunachoweza kula au tukae tu nyumbani? (Mama wa Watatu)

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Nendeni, msikae nyumbani. Ila nikuambie ukweli wa jikoni maana nimesimama nyuma ya hayo mabanda, nguruwe anayeonekana sio tatizo, unamwona unampita. Tatizo ni yule aliyejificha. Tamale za Kimeksiko, ule unga wa mahindi uliofungwa kwenye ganda la hindi, mara nyingi sana unakandwa na mafuta ya nguruwe, hata kama ndani wameweka kuku. Maharage ya kusaga nayo hivo hivo. Mboga za majani za watu wa kusini ya Marekani zinapikwa na kipande cha nyama ya nguruwe ya moshi ili zipate ladha, ukiangalia sufuria unaona majani tu. Saladi za viazi nazo kuna zinazonyunyiziwa bekoni, nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Soseji ya kwenye piza karibu kila mara ni nguruwe, labda waandike vingine. Na hotdogi, hata ikiwa ni ng'ombe mtupu, imechinjwa vipi hilo ni suala lingine, ng'ombe sio lazima iwe halali, na hii wengi wanachanganya.

Kwa hiyo kila banda uliza vitu vitatu kwa utulivu kabisa, usione aibu, mpishi mzuri anapenda kuulizwa. Nyama gani? Mafuta gani umekaangia au kukandia? Na hii grili au kikaango kimepitishwa kitu kingine leo? Hilo la tatu ndo watu husahau, samaki anaweza kuwa safi lakini amekaangwa kwenye mafuta yaliyotoa vitu vingine asubuhi. Akisita kujibu, mshukuru uondoke.

Vitakavyowafaa watoto: mahindi ya kuchoma, matunda, ndizi mbichi za kukaanga za Wapuerto Riko (hizo wanazikata, wanakaanga, wanazibonda bapa, wanakaanga tena, halafu kitunguu saumu na chumvi, utaona ni nyumbani kabisa), vyakula vya Kihindi vya mboga, samosa za viazi, aiskrimu. Nikutajie pia kitu cha kujua hata usipokila, wanakiita jibarito, ni sandwichi ambayo mkate wake ni hizo ndizi mbili zilizobondwa. Ilizaliwa Chicago hapo hapo, mtaa wa Humboldt Park, miaka ya 90, mpishi Mpuerto Riko ndo aliyeiuza kwanza na sasa iko kila kona. Ukimkuta mwenye nyama ya halali akakutengenezea basi umebahatika.

Na ukiona hamkuridhika, kutoka kwako Rogers Park si mbali na Devon Avenue, barabara nzima ya Wahindi na Wapakistani, migahawa ya halali imepangana. Fanyeni tamasha lenu wenyewe siku moja, mnaingia huku mnaagiza sahani moja mnagawana, mnatoka mnaingia pale. Mimi nimefanya hivo na marafiki mara nyingi, tena kwa hela kidogo.

SWALI: Anti mbona mnasifia Marekani tu? Sisi hapa Forodhani, Zanzibar, kila usiku ni tamasha, halafu hatuna haja ya kusubiri mwaka. Au wewe umesahau kwenu? (Mwana wa Mji Mkongwe)

JIBU: Sijasahau mwanangu, na kwa kweli barua yako ndo iliyonifurahisha kuliko zote.

Forodhani wana kitu ambacho Chicago hawana. Chicago kila banda linapika tofauti na mwenzake, huyu piza, huyu samaki, huyu Mwethiopia, kwa hiyo unaonja mji. Forodhani jioni jua likizama, vijana wanaruka baharini pale ukutani, moshi umeanza kupanda, meza ishirini zinauza kitu kile kile. Urojo hapa, urojo pale, ile supu yetu ya manjano yenye uchachu. Mgeni anaona ni marudio. Mimi naona ndo penyewe pa kuonja, maana ukitaka kujua mkono wa mpishi usimlinganishe na mpishi wa kitu kingine, mlinganishe na anayepika hicho hicho.

Chukua jioni moja ufanye hivi. Nendeni watatu, bakuli moja la urojo kwa wauzaji wanne, mnagawana. Usikimbilie mishkaki na bajia na kachori zilizomo, onja supu kwanza peke yake, kijiko kimoja kabla pilipili haijaingia. Kuna anayeitia embe mbichi utamjua, uchachu wake una harufu, na kuna anayetegemea ndimu peke yake, uchachu wake ni mkali unaisha haraka. Angalia uzito, unga ukizidi au ukikosa kuiva vizuri unabaki na ladha ya unga ulimini, supu iliyoiva inateleza. Manjano ikizidi inaleta uchungu kidogo mwishoni. Halafu ndo unaingia kwenye bajia, bado inalia ukiitafuna ndani ya supu au imeshakuwa uji? Chipsi za muhogo zimewekwa mwisho ili zilie, au zimezamishwa? Nakuhakikishia baada ya bakuli la nne hautakula urojo tena kama zamani.

Piza ya Zanzibar hivo hivo. Donge la unga linavutwa mpaka linakuwa kama karatasi, ndani nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili boga, yai linapasuliwa juu, linachanganywa hapo hapo kwa kidole au uma, linakunjwa pande nne na kugeuzwa kwenye tawa. Siri iko kwenye kuvuta na kwenye moto. Moto ukiwa mkali sana nje inakuwa kahawia yai ndani bichi. Simama ukaangalie mikono ya anayevuta unga, utajua ununue kwa nani kabla hujaonja.

Cha baharini ndo nawaomba muwe makini. Pweza na kamba waliopangwa mezani wanapendeza kwenye taa lakini uliza wamevuliwa leo au jana, waombe wakuchomee upya mpaka moto ufike katikati, na bei kubalianeni kabla hakijaenda kwenye makaa. Bustani yenyewe tangu ilivofanyiwa ukarabati na mfuko wa Aga Khan ikafunguliwa tena 2009 imekuwa na nafasi nzuri ya kukaa, basi kaeni.

SWALI: Shikamoo Anti, mimi nauza chakula Arusha, nimepata nafasi ya banda kwenye tamasha la chakula la siku mbili. Wameniambia nitegemee watu wengi wanaokula kidogo kidogo. Nataka kupika pilau, sambusa, maharage ya nazi, kuku wa kupaka, samaki wa kukaanga na visheti. Nipike kiasi gani na niuzeje? (Mama Pilau)

JIBU: Marahaba mama, na hongera sana. Ila hapo kwenye orodha umejiumiza. Vitu sita kwenye banda moja ni vya mtu mwenye wapishi kumi. Chagua viwili, pilau na kimoja cha kushika mkononi, basi. Watu wanaokuja kuonja hawatakukumbuka kwa wingi, watasema "yule mama wa pilau", na hilo ndo jina la kutafuta.

Hesabu yake sio ngumu. Kilo moja ya mchele ikiiva inakupa karibu kilo tatu za wali. Kipimo cha kuonja ni gramu 100 hivi, yani upawa mmoja mdogo uliojaa bila kurundika. Kwa hiyo kilo moja ya mchele inakupa vipimo kama 28 mpaka 30, bado nyama. Kilo kumi ni karibu vipimo 300. Tafuta upawa mmoja, upime nyumbani kwenye mizani, halafu huo huo ndo uende nao, na usimruhusu msaidizi achote kwa sahani, nimeona watu wakimaliza sufuria saa nane mchana na hesabu haieleweki kwa sababu mkono wa msaidizi ulikuwa na huruma. Bei yako chukua gharama yote, mchele, nyama, viungo, mkaa, vibakuli, nauli, kodi ya banda, mshahara wa msaidizi, gawa kwa vipimo, ndo uongeze faida. Watu wanasahau vibakuli na uma, na hivo vinakula hela kweli.

Usipike zote asubuhi. Pika sufuria ndogo ndogo, moja inauzwa nyingine iko motoni. Pilau inayofunuliwa mbele ya watu, ule mvuke wa bizari nzima na mdalasini ukatoka, hiyo inaita wateja kuliko bango lolote.

Sasa hili la usalama nalisema kwa moyo wote. Mwaka 2007 Taste of Chicago yenyewe ilipata doa, chakula cha baridi cha humus, zile dengu za kusaga, kutoka banda moja kiliwapa watu mamia ugonjwa wa tumbo wa salmonela, na lile ni tamasha lenye wakaguzi na barafu na umeme. Vijidudu havijali ukubwa wa tamasha. Chakula cha moto kikae moto kweli, nyuzi 60 za Selisiasi kwenda juu, cha baridi kikae chini ya 5, hapo katikati ndo vijidudu vinapozaana. Nunua kipimajoto cha jikoni, ni kitu kidogo cha mfukoni. Wali uliopoa taratibu kwenye sufuria kubwa usiku kucha ni hatari, kuna kijidudu kinaishi kwenye mchele ambacho kupasha tena hakiondoi sumu yake. Kwa hiyo pilau ya siku ya kwanza iliyobaki, igawe siku hiyo hiyo ikiwa bado ya moto, usiirudishe kesho yake. Nguo ya kufutia mikono na ya kufutia meza ziwe mbili tofauti. Anayepokea hela asishike chakula.

Na sambusa kama utazichagua nikupe la kwangu. Mwaka mmoja nilimsaidia rafiki kwenye banda lake, tukakaanga sambusa mia tatu alfajiri, nzuri, zinalia, tukazipanga za moto kwenye makontena ya plastiki tukafunika ili zisipoe. Tulipofungua saa tano zimelainika zote kama mkate uliomwagiwa maji, mvuke wake mwenyewe ndo ulioziua. Tuliziuza kwa bei ya chini na rafiki yangu alilia siku ile. Toka hapo mimi sambusa nazisimamisha kwenye waya hewa ipite chini, sifuniki mpaka zipoe, na afadhali nizibebe zimefungwa mbichi nikakaange pale pale.

SWALI: Anti, mama mkwe wangu yuko kwangu Chicago kutoka Mombasa. Nataka nimpeleke Taste ila anasema kula umesimama njiani ni utovu wa adabu. Nimwambieje? (Mkaza Mwana)

JIBU: Usimwambie kitu, mpelekee mkeka. Mama yuko sahihi, alivolelewa ndo hivo, na Grant Park kuna majani mengi tu. Tafuta kivuli upande unaoiona Buckingham Fountain, ile chemchemi kubwa iliyojengwa 1927, kila saa ikigonga maji yanaruka juu karibu mita 46 na wazee wanaipenda sana. Mkalishe hapo, chukua chupa ya maji anawe mikono, wewe ndo uzunguke umletee kipimo kimoja kimoja. Anza na samaki.

SWALI: Shikamoo Anti. Nasoma hoteli na upishi Dar, mwakani natarajia kwenda Marekani kwa mafunzo ya vitendo na nitakuwa Chicago. Nataka nikienda Taste nijifunze, sio kula tu. Niandike nini? Na je nikimuuliza mpishi siri zake si nitakuwa namwibia? (Mpishi Mtarajiwa)

JIBU: Marahaba mwanangu, umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa na daftari dogo la kuingia kwenye aproni, bado ninalo, kurasa zimelowa mafuta. Usiandike "tamu", hiyo haikusaidii mwezi ujao. Kwa kila tonge andika: kilichofika ulimini kwanza, kilichofuata, na kilichobaki baada ya kumeza. Chumvi iko wapi, kwenye nyama au kwenye sosi? Uchachu umetoka kwenye nini? Kuna kitu kinalia mdomoni au vyote laini? Moshi upo? Halafu ukurasa wa pili andika ungebadilisha nini, hata kama mpishi ni maarufu. Kati ya banda na banda kunywa maji ya kawaida, sio soda, soda inaziba ulimi.

Kuuliza sio kuiba. Ila usiulize kipimo cha viungo vyake, hiyo ndo riziki yake, uliza kwa nini. "Kwa nini umekaanga mara mbili?" "Kwa nini haradali na sio yai?" Kule kusini ya Chicago kuna samaki kambare wanampaka haradali kabla ya unga wa mahindi, nilimuuliza mama mmoja Mmarekani mweusi kwa nini, akaniambia haradali inashika unga na inakata shombo. Jibu la sekunde tano, nimelitumia miaka yote kwa sangara na sato. Subiri foleni ipungue ndo uulize, saa za mchana mpishi hana pumzi.

Na ukipata nafasi toka nje ya tamasha uende upande wa kusini ukaone wanavochoma nyama. Wana jiko limezungushiwa vioo kama tangi la samaki, kuni zinawaka chini, nyama iko juu, mpishi amesimama na mpira wa maji ananyunyizia moto ukipanda. Nilisimama pale karibu saa nzima siku ya kwanza. Hana saa, hana kipimajoto, anasikiliza tu mafuta yanavodondoka kwenye makaa, yakianza kulia haraka haraka anajua moto umezidi anafungua maji. Akaniona nimeganda kwenye kioo, akaniita ndani nisikilize kwa karibu. Ukifika huko uniandikie, unieleze wewe ulisikia nini.